Somo: Kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, kuanzia makaratasi hadi kuzoeana nyumbani

Mtoto wetu alilala na viatu miguuni kwa wiki tatu za kwanza. Vilikuwa raba zilizoisha kisigino, na kila nilipojaribu kumvua akiwa usingizini alishtuka akavikumbatia. Nilitaka kuvitupa. Afisa ustawi wa jamii aliyekuwa akitutembelea akaniwahi: "Mama, hivyo ni miongoni mwa vitu vichache alivyokuja navyo." Tangu siku hiyo anayeniuliza kuhusu uasili namwambia jambo moja: usitupe kitu. Usitupe karatasi, usitupe jina, usitupe nguo, na hata ile tabia inayokukera usikimbilie kuifuta. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua sheria za nchi zote mbili

Watu wengi huanza na picha ya mtoto. Anza na sheria. Kuna ya nchi unayoishi na kuna ya nchi anayotoka mtoto, na zote mbili lazima zikukubali: umri wako, ndoa yako, afya yako, wakati mwingine hata idadi ya watoto ulio nao. Zaidi ya nchi 100 zimejiunga na Mkataba wa Hague wa Mei 29, 1993 unaohusu kuasili watoto baina ya nchi. Ndani ya mkataba huo kila nchi ina Mamlaka Kuu yake, yaani ofisi inayosimamia uasili, na ombi lako hupitia kwa mamlaka ya nchi unayoishi. Kanuni ya msingi ni kwamba mtoto hutafutiwa kwanza familia nchini kwake. Nje ya mipaka huangaliwa baadaye.

Ujue pia kwamba milango inazidi kufungwa. Ethiopia ilipiga marufuku wageni kuasili mwaka 2018. China ilisitisha mwaka 2024, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, mwaka 2023 ilipokea chini ya 1,300. Baadhi ya nchi zilifunga kwa sababu uchunguzi ulikuta nyaraka za kughushi na wazazi waliorubuniwa. Kwa hiyo ukiambiwa foleni ni ndefu, usimchukie anayekagua.

Hatua ya 2: Tathmini ya familia

Afisa anakuja nyumbani, anakaa, anauliza. Mapato, vyumba na rekodi ya polisi ni sehemu rahisi. Ngumu ni pale anapouliza ulilelewaje, ulichapwaje, mlilia vipi mlipokosa mtoto wa kuzaa. Mume wangu alijibu "tulishapoa" na afisa akanyamaza dakika nzima mpaka mwenyewe akasema ukweli. Semeni ukweli. Ripoti hiyo ndiyo itakayotumika kuwalinganisha na mtoto, na ukijipamba utalinganishwa na mtoto wa familia ambayo haipo.

Hatua ya 3: Faili la mtoto

Likija, lina utambulisho wake, historia ya familia, afya na mahitaji yake. Mpelekee daktari wa watoto alisome kabla hujampenda yule wa kwenye picha. Aangalie hasa mtiririko wa uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, maana kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Unaruhusiwa kukataa. Sisi tulikataa faili moja kwa sababu mahitaji ya mtoto yule yalizidi uwezo wetu, na bado namkumbuka kwa jina.

Hatua ya 4: Harufu ya biashara

Simama mara moja ukiona haya: fedha isiyo na risiti, mtu mmoja anayejifanya wakili, dalali na mkuu wa kituo cha kulelea watoto, unakutanishwa na mzazi wa mtoto kabla mamlaka hazijakubaliana, au mama amesaini ridhaa akiwa bado mjamzito. Mkataba unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya kujifungua, bila malipo, na unakataza mtu yeyote kuvuna faida isiyo halali kwa shughuli hii. Neno "yatima" nalo lisikulaze usingizi. Watoto wengi walioko vituoni wana mzazi aliye hai, mara nyingi aliyeshindwa na umaskini. Uliza: familia yake ilitafutwa vipi, na nani, lini?

Hatua ya 5: Siku ya kumpokea

Hapa ndipo watu hutupa vitu. Wanamvalisha mtoto nguo mpya, za zamani zinabaki kituoni. Chukua za zamani, na usizifue. Harufu ile ndiyo nyumbani kwake. Mwombe mlezi akuonyeshe (sio akueleze, akuonyeshe) anavyombeba, anavyomlaza, anavyombembeleza. Mrekodi sauti akimwita jina. Andika maneno ishirini ya lugha yake: maji, naumwa, choo, usiondoke, kesho.

Makaratasi: nakala zilizothibitishwa za kila kitu, pamoja na cheti cha kuthibitisha kwamba uasili umefuata Mkataba, kinachotajwa katika kifungu cha 23. Cheti hicho ndicho kinachofanya uasili utambuliwe katika nchi nyingine za Mkataba bila kuanza kesi upya. Ukifika, fuatilia uraia mpaka uushike mkononi. Marekani ilitunga sheria iliyoanza kazi Februari 27, 2001 kuwapa uraia moja kwa moja watoto walioasiliwa na raia wake, lakini waliokuwa wametimiza miaka 18 siku hiyo waliachwa nje. Wapo waliogundua ukubwani kwamba wazazi wao hawakumaliza karatasi, na wapo waliorudishwa katika nchi wasiyoijua lugha yake.

Hatua ya 6: Miezi ya kwanza nyumbani

Funga mlango. Najua ndugu wanataka kumwona, lakini mtoto aliyepita mikononi mwa walezi wengi wa zamu hajui kwamba ninyi si zamu nyingine. Kwa miezi michache, kumlisha, kumwogesha, kumbeba na kumtuliza kuwe kazi yenu wazazi peke yenu. Wageni waje kidogo kidogo, wasalimie, wasimpakate.

Akimkimbilia kila mtu kwa tabasamu na kumshika mkono mgeni njiani, usijisifu kwamba ni mchangamfu. Hajajifunza bado nani ni wake. Akificha chakula chini ya mto, usimkemee; weka chombo chenye chakula mahali anapofika, kisiishiwe usiku wala mchana. Wetu alihesabu vipande vya mkate kila asubuhi kama karani wa ghala, kisha siku moja akasahau kuhesabu. Akikosea, usimpeleke chumbani peke yake, maana kutengwa anakujua tayari. Kaa naye palepale mpaka hasira ishuke.

Akilia usiku bila kutaka kuguswa, anaomboleza. Kwako amefika, kwake ameondoka. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 wa vituoni, nusu yao wakahamishiwa familia za malezi. Waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka 2 walinufaika zaidi. Nimeona watu wanasoma hapo wanakata tamaa na mtoto wa miaka 6. Soma vizuri: mkubwa pia anabadilika, ila anahitaji muda na mara nyingi mtaalamu.

Hatua ya 7: Daktari

Ndani ya wiki chache za kwanza apimwe homa ya ini aina B, VVU, kaswende, kifua kikuu, minyoo, upungufu wa damu na madini ya risasi, hata kama cheti cha afya alichokuja nacho kinasema yuko safi. Kipimo cha kifua kikuu kirudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Masikio na macho msisahau; mtoto "mkaidi" wakati mwingine hasikii. Kama ana mabaka ya bluu mgongoni au makalioni ya kuzaliwa nayo, daktari ayaandike kwenye faili, kwa sababu siku moja mwalimu anaweza kudhani ni alama za kupigwa. Na kwa wasichana hasa, angalia dalili za kubalehe mapema, ambazo huonekana zaidi kwa watoto walioasiliwa kutoka nje.

Hatua ya 8: Jina, lugha, habari zake

Jina msilibadilishe kwa sababu linawasumbua kutamka. Jifunzeni kulitamka. Mkitaka kuongeza lenu, liwe la pili. Lugha hupotea haraka kuliko mnavyodhani, mara nyingi ndani ya miezi. Watu wazima waliochukuliwa Korea wakiwa na miaka 3 hadi 8 na kulelewa Ufaransa walipimwa, wakawa hawatambui Kikorea kuliko Mfaransa yeyote. Lakini utafiti wa Montreal wa 2014 ulionyesha ubongo wa wasichana waliotoka China wakiwa wachanga bado unaitikia toni za Kichina (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno), ingawa wao wenyewe hawaelewi neno. Mimi nasoma hapo kwamba kuna kitu kimebaki, basi nampigia nyimbo.

Habari za asili yake aambiwe tangu mdogo, kwa maneno ya umri wake. Usingoje "siku ya kumwambia".

MASWALI

Swali: Dada, binti yetu ana miezi miwili nyumbani. Baba yake anamng'ang'ania, mimi ananisukuma na kunipiga. Nimechoka kulia bafuni.

Jibu: Pole sana, mpenzi. Huenda wote waliowahi kumlea wakamwacha walikuwa wanawake. Anakupima wewe kwa sababu machoni pake wewe ndiye unayeweza kumwacha. Mzee apunguze kidogo kumtuliza, awe anamwambia "twende kwa mama", halafu abaki pembeni. Wewe chukua kazi moja ndogo ya kila siku isiyo na ugomvi, mfano kumpaka mafuta baada ya kuoga. Kwetu ilichukua miezi mitano. Na hicho kilio cha bafuni mweleze daktari wako. Sonona baada ya kuasili ipo kama ilivyo baada ya kujifungua.

Swali: Assalaam alaykum. Sisi Waislamu hatubadilishi nasaba. Tutaingiaje kwenye utaratibu huu?

Jibu: Wa alaykum salaam. Ninyi njia yenu ni kafala: mnamlea na kumgharamia, anabaki na nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja katika kifungu cha 20. Ila Mkataba wa Hague wa 1993 hauihusu kafala. Unaoihusu ni mwingine wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto. Kwa hiyo mwulizeni wakili mapema nchi yenu inampa mtoto wa kafala kibali gani cha kuingia na kukaa, maana nchi zinatofautiana sana.

Swali: Marehemu dada yangu ameacha mtoto nchi nyingine. Mimi ni mama yake mdogo, damu moja. Si nimlete tu kwa viza ya matembezi nitengeneze karatasi huku?

Jibu: Hapana, tafadhali. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba, utaratibu unawahusu hata ndugu. Tofauti ni kwamba ninyi katazo la kukutana na familia kabla ya vibali haliwagusi. Ukimleta kama mgeni unaweza kumkwamisha miaka, hana kibali wala uraia. Uliza pia kama ulezi wa kisheria au yeye kubaki na bibi huku ukimhudumia havitoshi.

Swali: Wifi yangu kauliza mbele ya mtoto, "mama yake wa kweli yuko wapi?" Nilikosa jibu.

Jibu: "Mama aliyemzaa yuko alikotoka, habari nyingine ni zake mwenyewe." Kisha ukabadilisha mazungumzo. Mtoto anakusikiliza zaidi kuliko wifi.

Swali: Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyeasiliwa, nina miaka 31. Nataka faili langu, sijui nianzie wapi, na sitaki wazazi wangu waumie.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Andika kwa Mamlaka Kuu ya nchi unayoishi, nao wawasiliane na ya ulikotoka. Kifungu cha 30 kinazitaka nchi za Mkataba zihifadhi habari za asili yako na za wazazi wako. Kuziona hutegemea sheria za kila nchi, na kama uliasiliwa kabla ya Mkataba itabidi uulize pia mahakama na kituo. Ukimpata ndugu, barua ya kwanza ipitie kwa mtu wa kati, usimtokee mlangoni. Lakini kabla ya yote, waulize wazazi wako kama wana bahasha au sanduku mahali. Wengi wetu tunalo, tunangoja tu kuulizwa. Langu lina shati moja lisilofuliwa na raba mbili.