Jinsi ya kuangalia Le mani sulla città na watu wa baraza lenu

Hapa Malindi Kitaliano tunacho, mtoto mdogo tu anakurushia ciao njiani, lakini filamu zao za zamani hatuziangalii, na hii ya Francesco Rosi ya 1963, jina lake maana yake Mikono Juu ya Mji, mie natamani kila mwenye kiwanja aione. Naeleza tulivyofanya sisi kwa sababu mara ya kwanza tuliiharibu.

Waambie watu mapema kwamba bunduki hakuna. Sisi hatukusema, vijana wakakaa wakingoja mafia, nusu saa wakainuka wote. Huu ni wizi wa makaratasi: Nottola ni mjenzi tajiri wa Napoli na papo hapo ni diwani, anataka mji uelekezwe kwenye ardhi ya shamba inayonunuliwa rahisi, serikali ipeleke barabara na maji, alafu bei ipande. Yote anayasema mwenyewe dakika za mwanzo kabisa, kwa hivyo kahawa igawiwe kabla.

Kisha nyumba kuukuu inaanguka kwenye kichochoro cha maskini, kando ya site yake. Simamisha hapo, watu waongee. Kwetu kuna mzee fundi mawe, alisogea mpaka kwenye shuka tuliyotundika akaonyesha kwa kidole ile mashine inayopigilia nguzo, akasema huo mtikiso ndio ulioua, ukuta wa zamani hauwezi.

Vyama vya siasa vya madiwani vinachanganya, basi panga vikombe vitatu, kila kimoja mkubwa wa upande wake: mrengo wa kulia Maglione, wa katikati De Angelis, wa kushoto De Vita, na kipande cha kashata ndo Nottola. Uchaguzi ukikaribia anahama kulia kwenda katikati, unaisogeza kashata mbele ya watu na hapo hata aliyekua anasinzia anashika. Huyo De Vita, Carlo Fermariello, hakua muigizaji, alikua diwani kweli Napoli, ndo maana akigomba unamuamini. Nottola ni Rod Steiger, Mmarekani, sauti katiliwa na Mtaliano, msishangae midomo.

Sehemu ya kamati ya madiwani inayochunguza ile nyumba iloanguka usiikimbize jamani, inaonekana kavu lakini ndo moyo wa filamu. Wanaenda ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi inatoa faili, muhuri upo, sahihi ipo, kila kitu sawasawa, na watu wamekufa! Mie nshawahi kuzungushwa hivo hivo na karatasi za kiwanja cha marehemu baba miaka minne kwa hivyo hapo nanyamaza. Muwe na mtu mmoja wa kutafsiri kwa sauti, sisi tuna mzee alopika hotelini miaka mingi. Madiwani wanapoinua mikono juu wakipiga kelele kwamba mikono yao ni safi, alitafsiri mara moja tu, baraza letu zima likatulia.

Ikiisha usizime haraka, kuna maandishi yanasema watu na visa ni vya kubuni ila hali iliyowazaa ni ya kweli, yasomwe kwa Kiswahili. Sisi tuliposoma fundi akaomba turudishe mwanzo, pale bei ya ardhi inapoelezwa, tukarudisha, na saa tano usiku ishapita.