Somo: Kuitazama mizizi ya ngano ikinywa maji, hapa hapa Mombasa

Mashamba ya ngano yako mbali nasi, Narok na Njoro huko, lakini mizizi yake nailea na wanafunzi wangu Kisauni. Tunaanza Julai, joto likishapungua.

Hatua ya 1: Mbegu. Msiipande ngano ya boko boko, ile ya kupikwa na nyama, inayouzwa soko la Marikiti. Imeshakobolewa na kiini kimeumia. Mimi niliipanda nikangoja wiki mbili, haikuota hata punje. Tafuteni mbegu nzima ya shambani. Ilowekeni usiku mmoja, kisha ifungeni kwenye kitambaa chenye maji. Baada ya siku mbili tatu hutoka mizizi mitatu hadi mitano. Hiyo ni mizizi ya mbegu; ile ya shina huja wiki kadhaa baadaye.

Hatua ya 2: Masanduku mawili. Mbele kioo cha sentimita 20 kwa 40, nyuma ubao uliopakwa rangi ya mafuta, katikati nafasi ya sentimita 2. Jazeni kichanga kilichochekechwa, chenye samadi kidogo iliyooza. Mbegu zilizoota zipandeni kwenye sanduku moja tu. Liinamisheni sanduku, kioo kitazame chini: mzizi hufuata mvuto wa ardhi, kwa hiyo utakilalia kioo. Kifunikeni kwa buibui kuukuu, maana mizizi hukimbia mwanga.

Hatua ya 3: Kuchora. Kila baada ya siku mbili, wekeni karatasi ya plastiki juu ya kioo mfuatishe mizizi kwa kalamu, kila mara rangi nyingine. Kujua urefu, chora miraba ya sentimita 1, hesabu mara ambazo mizizi inakata mistari, zidisha kwa 11, gawanya kwa 14.

Hatua ya 4: Kupima maji. Hapa ndipo penye utamu wote. Sanduku moja lina ngano, la pili udongo mtupu. Yapimeni kila asubuhi kwa mizani ya jikoni ya kilo 10. Gramu 1 iliyopungua ni mililita 1 ya maji. Likipungua la ngano gramu 38 na tupu gramu 15, mizizi imenyonya takriban mililita 23. Zile 15 zimechukuliwa na hewa. Bila sanduku tupu mtaisingizia ngano maji ambayo haikuyanywa. Tandazeni kokoto juu ya udongo wa masanduku yote mawili, jua lisiwavurugie hesabu.

Maswali ya wanachama

*Maalim, naweza kumwagilia maji ya kisima? Bombani hayaji kila siku.*
Kisima chako kikiwa cha chumvi, usitumie, mwanangu. Chumvi huyazuia maji yasiingie mzizini, mmea ukanyauka na udongo ungali umelowa. Kinga maji ya mvua. Ukitaka kuichunguza chumvi yenyewe, ongeza sanduku la tatu.

*Shikamoo Maalim. Naona manyoya meupe kwenye mizizi, ni ukungu?*
Marahaba. Yakiwa mafupi, nyuma kidogo tu ya ncha, ni vinyweleo. Ndivyo vinavyogusana na chembe za udongo na kunyonya maji. Ukungu hutanda ovyo, hata juu ya udongo.

*Nikitaka kujua mizizi inafuata maji chini?*
Pitisha mrija mpaka chini kabla ya kujaza udongo, umwagilie kwa huo peke yake baada ya miche kushika. Tia maji kiasi kile kile masanduku yote mawili. Kisha linganisha michoro na mizani: siku ncha zinapofika kwenye unyevu, tazama kama gramu zinapungua zaidi.