Ukiumia kazini, bili ya hospitali si fidia

Siku paleti la magunia liliponiangukia mkono wa kulia, nilikuwa nimetimiza miaka miwili ya kibarua katika godauni moja la Shimanzi, Mombasa. Tajiri, yaani mwajiri wangu, alinipakia kwenye gari lake mwenyewe, akanilipia hospitali, akanitia mkononi shilingi 5,000 za maziwa. Nilimwombea dua. Vidole viwili havikukunja tena mpaka leo. Miezi kumi na minne ilipopita ndipo nikaambiwa kuwa nilikuwa na haki ya fidia juu ya yale matibabu, na muda wa kudai ulikuwa umeshakwisha.

Kwa hiyo somo hili naliandika kwa uchungu. Sheria inayotuhusu Kenya ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, wenyewe twaiita WIBA. Ndani yake matibabu ni haki moja na fidia ni haki nyingine. Tajiri akilipa moja, ile ya pili bado anadaiwa.

Hatua ya kwanza: sema kweli hospitalini

Tibiwa kwanza, popote palipo karibu. Lakini daktari akikuuliza umeumiaje, usimsitiri mtu. Wengi wetu husema "nimeanguka tu", kwa sababu msimamizi amesimama pale pale kando ya kitanda. Neno hilo huandikwa kwenye kadi, na mwakani ndilo litakalosomwa na kampuni ya bima. Sema: nimeumia kazini, mahali fulani, nikifanya kazi fulani, saa fulani. Kisha weka kila karatasi: risiti, picha za eksirei, barua ya kuruhusiwa kutoka. Zipige picha kwa simu, maana karatasi za Mombasa huliwa na unyevu.

Hatua ya pili: toa taarifa iliyoandikwa

Sheria inakubali hata taarifa ya mdomo, ila mdomo hukanwa. Mtumie tajiri au msimamizi ujumbe wa simu siku hiyo hiyo, na kama huwezi, akutumie mwenzio. Usiandike mengi:

"Asalaam aleikum mzee. Leo Jumanne saa nne asubuhi nimeumia mkono wa kulia nikipakua magunia godauni. Walioona ni fulani na fulani. Nimepelekwa hospitali."

Ujumbe huo una tarehe, una saa, una mashahidi. Tangu apate habari, tajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, mkuu wa idara ya serikali iitwayo DOSHS, yenye ofisi hapa Mombasa. Akifariki mtu, taarifa yafaa ifike huko ndani ya saa 24.

Hatua ya tatu: fomu

Inaitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari, naye ndiye anayeandika asilimia ya ulemavu uliobaki. Hapa pana mtego wa pande mbili. Daktari akipima kidonda kikiwa kibichi, hajui bado kidole kitakunja au la. Ukingoja sana nako, miezi 12 ya kudai, tangu siku ya ajali, itakupita. Tajiri akikataa kujaza sehemu yake, usikae nyumbani ukimngoja alainike. Nenda DOSHS mwenyewe na karatasi zako.

Hatua ya nne: hesabu

Ukilazwa au kupumzishwa siku tatu au zaidi, wastahili kulipwa ujira wako muda huo wote, usiozidi miezi 12. Kwa ulemavu wa kudumu, huchukuliwa mapato ya miezi 96 kisha asilimia ya daktari. Mwenye mshahara wa 20,000 kwa mwezi aliyeandikiwa asilimia 10 hupata 192,000. Weka hiyo kando ya zile 5,000 zangu. Dai likishawasilishwa, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwake kwa maandishi. Akishajibu na bado hukubali, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Atakayekuambia uanzie mahakamani moja kwa moja anakupotezea wakati. Mahakama ya Juu ilishathibitisha sheria hii Desemba 2019, na mlango wa kwanza ni DOSHS.

Maswali niliyoulizwa

*Ami, mimi ni kibarua wa siku, sina barua ya kazi wala slipu. Nitaanzia wapi?*

Anza na simu yako, mwanangu. Kama walipwa kwa M-Pesa, toa taarifa ya miezi iliyopita, maana jina la anayekulipa limo. Kama ni taslimu, tafuta daftari la getini unalotia sahihi ukiingia, na wenzio wawili watakaosema ulikuwapo. Kibarua naye ameajiriwa, hata kama ni kwa siku moja.

*Tajiri ameniambia nitumie kadi yangu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ati bima ni bima.*

Hapana, dadangu. Gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni zake, pamoja na kukufikisha hospitali, na sheria inamlazimu awe na bima ya wafanyakazi. Ikiwa umeshatoa pesa zako mfukoni, risiti hizo mpelekee na nakala ubaki nazo.

*Sikuvaa glavu siku ile. Wasema kosa ni langu, sipati kitu.*

Je, glavu walikupa? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Kinachokunyima fidia ni utovu wa makusudi, si kusahau wala kuteleza. Na hata mwenye makusudi, akipata ulemavu mkubwa au akifa, haki ya fidia haipotei.

*Niligongwa na tuktuk nikielekea kazini Changamwe. Yaingia?*

Kwa njia yako mwenyewe, haiingii. Ungekuwa kwenye gari ambalo mwajiri ametoa la kubebea wafanyakazi, ingeingia. Wewe fuata bima ya hiyo tuktuk: piga ripoti polisi leo, na uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha.

*Mume wangu ameletewa karatasi atie sahihi kuwa "wamemalizana", apewe 15,000. Anaumwa, hana subira.*

Mama, mwambie asitie. Makubaliano ya kuiacha haki ya WIBA ni batili kisheria, lakini karatasi hiyo itawazungusha miezi. Kama 15,000 ni za chakula, azipokee na aandike kwa mkono wake: "Nimepokea za matumizi, dai langu la fidia linaendelea." Karatasi hiyo ipigeni picha kabla haijaondoka nyumbani. Kesho asubuhi nenda nawe DOSHS ukiwa na kadi yake ya hospitali, hata kama yeye hawezi kuamka.