Kabla hujasaini mkataba wa mashine ya kadi

Kila mwaka masika yakielekea ukingoni na wageni wa Juni wakianza kuulizia, wenye biashara ndogo hapa Moshi wanakimbilia mashine za kupokea malipo kwa kadi. Afisa anakuja ofisini kwako, anakuonyesha mashine inavyotoa risiti, unasaini kurasa kumi ambazo umesoma moja. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na ilinigharimu.

Kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Kama unauza mitumba Kiboriloni au una mgahawa Mbuyuni, wateja wako wanalipa kwa lipa namba na wataendelea kulipa hivyo. Mashine ya kadi ni ya mtu anayepokea wageni: kampuni ya kupandisha watu Mlima Kilimanjaro, nyumba ya kulala wageni, duka la vinyago, anayekodisha mabuti na mifuko ya kulalia.

Ukishaamua, hakikisha anayekupa huduma ana leseni ya Benki Kuu. Kama si benki, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inamtaka awe nayo. Akikwepa swali hilo, muage.

Makato sasa. Usikubali kuambiwa "ni asilimia ndogo tu". Uliza kadi ya ndani inakatwa ngapi, ya nje ngapi, na mgeni akilipa mtandaoni ni ngapi, maana mara nyingi hazilingani. Kisha piga hesabu kwa pesa zako mwenyewe. Asilimia 3 ya shilingi milioni 4 ni 120,000, na hiyo ni posho ya mpagazi kwa siku kadhaa. Uliza kama kuna ada ya kukodi mashine kila mwezi. Aprili na Mei mvua inanyesha, mji hauna wageni, mashine imelala kwenye droo, na ada inakatwa vilevile. Uliza pia ukimrudishia mteja pesa yake, makato yao wanakurudishia au wanabaki nayo.

Pesa inaingia lini kwenye akaunti? Wakupe jibu la siku, tena kwa maandishi. Mgeni akilipa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi kikosi kinatakiwa lango la Machame kuanza kupanda mlima, mchele, gesi na ada za hifadhi havingojei Jumanne.

Kuhusu dola: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini, kwa hiyo uliza mapema mauzo yako yataingia kwa sarafu gani na kwa kiwango kipi. Kuna mashine zinazomuuliza mgeni kama anataka kukatwa kwa sarafu ya kwao. Kiwango chake huwa si kizuri. Mwache abonyeze mwenyewe, usimbonyezee, asije akafika kwao akaona tofauti akasema umemwibia.

Mtandao ujaribu ndani ya duka lako, si nje barabarani. Betri iwe inadumu umeme ukikatika. Na karatasi inayotoka kwenye mashine ya kadi si risiti ya TRA. Ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unatoa palepale, kama kawaida.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike haya yote.

Miaka michache iliyopita nilipokea kikundi cha watu wanne, njia ya Machame, siku saba, mwezi Septemba. Kila mmoja alilipa lake kwa kadi kupitia kiungo nilichowatumia, wakiwa bado kwao. Watatu walifika kileleni Uhuru, mita 5,895. Wa nne, mama wa makamo, alianza kutapika kambi ya Barafu, na kiongozi wangu akamshusha usiku uleule. Alifanya sawasawa kabisa, na mpaka leo namsifu. Yule mama alinikumbatia hotelini, akawapa wapagazi bakshishi, akaenda KIA akapanda ndege.

Desemba nafungua akaunti nitoe mishahara. Ni wiki ile Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila mfanyakazi wangu anangoja pesa ya sikukuu. Naikuta pungufu kwa zaidi ya milioni nne. Nikadhani nimeibiwa. Nikaenda mbio kwa waliokuwa wakinihudumia, dada mmoja akanifungulia kompyuta. Kumbe yule mama aliiambia benki yake kwamba huduma aliyolipia hakuipata, kwa sababu hakufika kileleni. Wenyewe wanaita chajibaki: mwenye kadi anapinga malipo, na pesa inavutwa kutoka kwako.

"Pole mama," dada akaniambia, "tulikuandikia, hukujibu."

Waliandika kweli. Barua pepe ilikwenda kwa mpwa wangu, ambaye ndiye alinijazia fomu siku ya kwanza akaweka anwani yake. Alishahamia Dodoma na anwani ile hakuwa akiifungua tena. Ushahidi nilikuwa nao: jina la yule mgeni kwenye daftari la langoni, masharti aliyosaini yakisema kilele hakiahidiwi, taarifa ya kiongozi yenye saa na sahihi. Vyote vilikuwa kwenye faili kabatini. Siku za kujibu zikapita, kimya changu kikahesabiwa kuwa nimekubali, na juu ya hapo nikakatwa tozo ya kesi. Wapagazi wake nilishawalipa tangu Septemba.

Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza hivi, na usitoke hapo bila majibu: mteja akipinga malipo, taarifa inakuja kwa njia gani na kwa nani? Nina siku ngapi za kujibu? Mnataka karatasi zipi? Nikikwama nampigia nani, mtu mwenye jina? Weka anwani yako wewe mwenye biashara na namba yako ya simu, na ya mtu wa pili unayemwamini. Ujue pia kwamba kwa kadi za Visa na Mastercard, mteja wa namna hii huwa na hadi siku 120 za kupinga, na kwa huduma iliyolipiwa mapema siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ambayo huduma ilipaswa kutolewa. Mgeni aliyelipa Januari kwa safari ya Septemba anaweza kukupinga Krismasi. Usilitupe faili lake Oktoba.

Masharti yako ya kughairi na kurudisha pesa mgeni ayakubali kabla ya kulipa, si baada. Malipo makubwa kutoka kwa mtu usiyewahi kuzungumza naye, anayetaka umrudishie sehemu kwa njia nyingine, yakatae. Namba za kadi usiziandike kwenye daftari wala kuzitunza kwenye WhatsApp, hasa zile tatu za nyuma. Kadi ya mgeni isiondoke machoni pake. Na mfanyakazi anayejua nywila ya akaunti akiacha kazi, ibadilishe siku hiyohiyo, hata kama ni ndugu yako na mmeagana vizuri.