Jibu la upekuzi nililetewa na dalali: yaliyonikuta Mtwara nikiwa Ujerumani

Mwaka juzi mwezi wa kumi, korosho ndiyo kwanza zinaanza kuingia ghalani, nilituma pesa ya kiwanja njia ya kwenda Mikindani. Mimi niko Bremen. Hati ikaja kwa WhatsApp, nikalala usingizi mnono. Leo kiwanja kina mwenyewe, ameshanyanyua msingi, na hati yake ni halali. Yangu ilizaliwa steshenari.

Taratibu za kununua mnazijua: serikali ya mtaa, majirani wa mipaka, mkataba kwa wakili (mtafute kwanza kwenye e-Wakili ya Mahakama, mihuri ya mawakili nayo inachongwa), kodi ya ardhi, uhamisho. Kama umeshachukua pasi ya huku, kumiliki ardhi nyumbani ni habari nyingine, muulize wakili kabla hujaota nyumba.

Mimi nataka kusema upekuzi, yaani kuiomba ofisi ya ardhi itazame daftari lake ikujibu kiwanja ni cha nani na kama kina rehani. Na msidhani sikuuomba. Niliuomba! Dalali akasema, "Usihangaike bosi, nina mtu wangu pale ardhi." Baada ya siku mbili akaleta jibu, lina muhuri, lina sahihi, jina la muuzaji limo, rehani hakuna. Jibu lenyewe la kughushi. Nilimtuma fisi akanihesabie mbuzi.

Upekuzi unaombwa ofisi ya ardhi ya mkoa, unalipiwa kwa kontroli namba ya serikali, si kwa namba ya simu ya mtu. Jibu alichukue mtu wako mwenyewe, dirishani, kwa mkono wake. Asiletewe. Narudia: asiletewe. Na iwe kabla ya pesa, hata hiyo "advansi kidogo ya kumshika muuzaji".

Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye neno, na wangu alinipigia kwa furaha: "Mpwa wangu, hati nimeishika kwa mkono wangu huu." Kweli aliishika. Mjomba huyu akipeleka korosho ghalani anasimama juu ya mizani mpaka karani anamchukia. Kilo mbili zikipungua mtaa mzima utasikia. Lakini karatasi ikiwa na Bibi na Bwana juu, ile nembo ya taifa, anavua kofia. Wazee wetu, tunawapenda, ila kushika si kuhakiki.

Nilikuja kushtuka nimeshalipa. Nilichapa hati na lile jibu, tarehe zake zimepishana miaka mitatu, nikazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha la jikoni, mwanga ukipenya. Sahihi ya afisa ilikaa juu ya mwenzake mpaka ule mkia wa mwisho. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili vilevile. Muhuri nao: umeinama vilevile, herufi imemeguka palepale. Muhuri wa mpira ukigongwa huacha wino mzito huku na mwepesi kule. Ule wa printa, ukiutazama kwa lenzi kwenye karatasi yenyewe, ni vidoti. Ila msijidanganye na lenzi. Kuna hati ya kweli kabisa inayouzwa na mtu asiye mwenyewe, na kuna namba ya hati ya kweli iliyopachikwa kwenye kiwanja kingine. Hayo hayaonekani dirishani kwangu, yanaonekana kwenye daftari la Msajili wa Hati, ndilo linalotazamwa kwenye upekuzi. Kisha linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza.

Huku Ujerumani mkataba wa ardhi bila notari ni batili, na notari anawasomea mkataba wote kwa sauti mkiwa mmekaa mbele yake. Nilimsindikiza rafiki mara moja, nikasinzia, nikajisemea hawa watu hawaaminiani hata kidogo. Bado baridi yao siipendi. Mtu ana ndugu mji huohuo na hospitali anakwenda peke yake kwa teksi. Lakini kwenye ardhi wametuzidi, nakiri.

Kisheria, nyumbani Tanzania, kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 333. Kuitumia ukijua ni ya uongo nalo ni kosa, kwa hiyo ukishagundua, usijaribu kumsukumia mwingine ili urudishe hela yako. Mimi nina RB tu mpaka sasa, namba ya taarifa niliyotoa polisi. Dalali hapatikani.

Ijumaa iliyopita mjomba kapiga tena. Kuna shamba Naliendele, bei nzuri, mwenyewe anasafiri, ana haraka. Nimemtumia nauli ya bajaji mpaka ofisi ya ardhi.