Kuchagua Namna ya Kutafakari Kabla ya Kuketi

Ami yangu, fundi wa kuchonga milango huku Langoni, Lamu, alinilalamikia kwamba kwa wiki mbili amekuwa akitafakari kila usiku na bado usingizi haumjii. Nilipomwuliza anafanyaje, alinieleza kuwa hukaza macho kwenye mwali wa mshumaa, zoezi ambalo hunoa umakini na huenda likamwacha mtu macho kodo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua unachokitaka. Anayetaka akili itulie mahali pamoja hushika kitu kimoja, kama pumzi au neno analolirudia. Anayetaka kuzijua tabia za akili yake hufuata njia ya vipassana, yaani huyatazama mawazo na hisia zikija na kuondoka bila kuzikimbilia. Mwenye maumivu ya muda mrefu hupitisha fikra mwilini kiungo kwa kiungo, zoezi lililomo katika mafunzo ya wiki nane ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mwenye kinyongo huwatakia watu wema, akianza na nafsi yake mpaka amfikie hata yule anayemuudhi. Dhikri siihesabu humu, kwa kuwa hiyo ni ibada na ina nia yake.

Hatua ya pili ni kuketi, mgongo umenyooka.

Hatua ya tatu ni kuhesabu pumzi, nayo ilinipotezea mwezi mzima. Nilidhani natakiwa kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, nikawa napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi, kwa sababu anayepumua kupita haja hupunguza kabonidayoksaidi katika damu yake. Usiiendeshe pumzi. Iache iingie na kutoka kama ya mtu aliyelala, uisikie puani, na kila inapotoka gusisha kidole gumba kwenye pingili moja ya vidole vinne vilivyobaki, mpaka zitimie 12, kisha uanze tena. Ukipotea, rudi pingili ya kwanza bila kujikaripia, kwani huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ikiwa pumzi inakakamaa kila unapoiangalia, kama ilivyokuwa yangu, weka kiganja tumboni na ufuate kupanda na kushuka kwake. Na hilo likishindikana, sikiliza sauti za nje tu, hata punda akilia kichochoroni. Ukimya ukikuletea hofu au kumbukumbu nzito, fumbua macho, simama, na uzungumze na mshauri nasaha kabla ya kuendelea.

Programu za simu za kutafakari sizipendi, maana simu iliyo mkononi huleta na ujumbe wa watu.

Hatua ya nne ni muda. Dakika 10 baada ya Alfajiri, barazani kungali na ubaridi, zinatosha kabisa. Ami peke yake nilimruhusu kufanya usiku lile zoezi la kupitisha fikra mwilini, amelala chali kitandani, akianzia vidole vya miguu. Ananiambia hajawahi kuvuka magoti.