Kabla hujapakua programu ya meditesheni: mambo ya kuzingatia kwa anayeanza

Kwanza jua unataka nini. Kupata usingizi ni haja moja, na kujifunza kukaa kimya dakika kumi mchana ni nyingine. Programu zake hazifanani. Calm imeegemea sana upande wa usingizi: hadithi za kulalia, sauti za mvua, muziki. Headspace, iliyoanzia London mwaka 2010, hufundisha hatua kwa hatua, somo la leo likijengwa juu ya la jana. Insight Timer ni kama soko, ina walimu maelfu na rekodi nyingi za bure, na mgeni anaweza kumaliza nusu saa akichagua tu. Wewe unayeanza tafuta yenye kozi iliyopangwa, somo la kwanza hadi la kumi. Sokoni utaenda baadaye.

Sikiliza sauti ya mwalimu kabla hujatazama kingine. Ikikukera dakika ya pili leo, siku ya ishirini hutaifungua. Rekodi nyingi ni za Kiingereza, na kama lafudhi inakulazimisha kukaza masikio, mwili hautatulia. Hapo afadhali ujifunze maelekezo mara moja, kisha utumie programu yenye kengele tu: inalia mwanzo, inalia mwisho, katikati ni wewe na pumzi yako. Pima pia ukimya. Katika rekodi ya dakika 10, mwalimu anayejua kazi yake hunyamaza sekunde 20 au 30, tena mara kadhaa. Anayeongea mfululizo hakupi nafasi ya kufanya zoezi lenyewe.

Angalia mafunzo yanatoka wapi. Mengi ya yale ya kufuata pumzi na kukagua mwili kuanzia unyayo hadi utosi yana mizizi katika kozi ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwenye chuo kikuu cha Massachusetts, na hayadai imani yoyote. Programu ya Plum Village inafuata mapokeo ya Kibuddha ya mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, na haifichi. Nyingine zina nyimbo za kukariri na habari za chakra, yaani vituo vya nguvu mwilini katika mapokeo ya Kihindi. Kama dini yako inakupa mashaka juu ya hayo, soma vichwa vya masomo yote kabla hujaanza, usije ukakutana nayo wiki ya pili ukaacha kila kitu.

Bando: sauti ya kawaida hula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 kila siku ni kama MB 300 kwa mwezi. Video hula mara nyingi zaidi. Uliza kama unaweza kupakua masomo na kuyasikiliza bila intaneti, maana programu nyingi zimeliweka hilo upande wa kulipia.

Simu yenyewe nayo huharibu. Simu nyingi za Android huzima programu zinazoendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa ili kuokoa chaji, hivyo sauti inakatika dakika ya nne au kengele ya mwisho hailii, nawe unabaki unajiuliza kama muda umepita. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu hiyo, iondolee vizuizi. Washa hali ya Usinisumbue. Halafu jaribu dakika 2 kioo kikiwa kimezimwa kabla ya kuitegemea.

Sasa pesa. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu.

Mtu anapakua programu Jumapili usiku, kichwa kimechoka. Anaulizwa maswali matano juu ya usingizi na wasiwasi wake, kisha unatokea ukurasa wenye kitufe kipana: anza siku 7 bure. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, ipo bei ya mwaka mzima. Alama ya kufungia ukurasa iko pembeni juu, imefifia, na mara nyingine hujitokeza baada ya sekunde chache. Anagusa kitufe, anaweka kadi. Siku tatu anatafakari, ya nne anasahau, ya tano anaifuta programu akidhani yamekwisha. Hayajaisha: kufuta programu hakufuti usajili. Jumapili inayofuata anakatwa, na anakatwa ya mwaka kwa mkupuo, kwa sababu majaribio mengi yamefungwa kwenye mpango wa mwaka. Kwa programu ya dola 70, hiyo ni zaidi ya shilingi 160,000 za Tanzania, au kama 9,000 za Kenya.

Wengine hudhani wamejikinga kwa kuweka kadi pepe isiyo na salio. Malipo yakigoma, duka la programu hujaribu tena na tena kwa siku kadhaa, hata wiki. Siku unayoijaza kadi ili ulipie kitu kingine, usajili unaiwahi hela.

Kwa hiyo ghairi siku ileile unapoanza jaribio. Kwa kawaida utaendelea kutumia hadi siku zako ziishe. Kwenye Play Store gusa picha yako juu kulia, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, chagua programu, ghairi. Kwenye iPhone ingia mipangilio, gusa jina lako, fungua sehemu ya usajili, na ufanye hivyo saa 24 kabla jaribio halijaisha, si dakika za mwisho. Usipouona usajili hapo, huenda ulitumia akaunti nyingine ya barua pepe, au ulilipia kwenye tovuti ya kampuni, na huko ndiko unakoghairiwa. Ukiwa umeshakatwa kupitia Google, omba kurudishiwa ndani ya saa 48.

Bora zaidi, anza na isiyoomba kadi kabisa. Medito na UCLA Mindful ni za bure kwelikweli. Kaa nazo mwezi mzima, ndipo uamue kama kuna kitu cha kulipia.

Yale maswali matano nayo yafikirie. Majibu yako juu ya hofu na usingizi ni habari za afya. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, ya ushauri nasaha, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa watangazaji kama Facebook habari za wateja wake. Ruka maswali unayoweza kuruka. Kengele na sauti hazihitaji orodha ya namba zako wala mahali ulipo, zikiombwa, kataa.

Usipakue toleo la bure la programu ya kulipia kutoka viungo vya WhatsApp. Usisikilize ukiwa unaendesha gari au bodaboda. Ukifumba macho ukaona hofu inapanda au kumbukumbu mbaya zinarudi, fumbua, simama, tembea, na usijilazimishe kumaliza kipindi. Ikijirudia, acha na umwone daktari au mshauri. Kama unatumia dawa za msongo au usingizi, usiziache kwa sababu programu imekutuliza wiki mbili.